Nakuru ilizaa maduka makubwa ya Kenya: uchumi wa eneo lenyewe umebaki na nini?

Mkazi_wa_Bahati aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Kikundi chetu cha wakazi kimealikwa kutoa maoni katika kikao cha ushiriki wa umma kuhusu mipango ya maendeleo ya Kaunti ya Nakuru, nami nimekabidhiwa sehemu inayohusu biashara ya rejareja. Kila ninayemuuliza hunijibu kwa kutaja idadi ya vijana walioajiriwa na ukubwa wa jengo, kana kwamba duka kubwa likishafungua milango, eneo zima limekwisha kutajirika. Hesabu hiyo hainitoshi.

Mashaka yangu yanatokana na historia yetu wenyewe. Nakumatt, iliyopata kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, ilianzia hapa kama duka la magodoro, na jina lake lilikatwa kutoka Nakuru Mattresses. Tuskys, ambayo mwanzoni iliitwa Tusker Mattresses, ilitokana na biashara ya marehemu Joram Kamau huko Rongai. Ni katika Rongai hiyo hiyo, ya kaunti yetu na si ile ya Kajiado, ambako marehemu Peter Mukuha Kago alifungua mwaka 1990 duka ambalo baadaye lilikuja kuwa Naivas. Quickmart nayo ilianza Nakuru mwaka 2006. Kwa mji ambao ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021 tu, huo ni uzao mkubwa mno.

Leo mawili kati ya hayo yamekufa. Mawili yaliyosalia yanaongozwa kutoka Nairobi, na wawekezaji wa nje wameingia kwa kishindo: mwaka 2019 Quickmart iliunganishwa na maduka ya Tumaini chini ya kampuni ya uwekezaji ya Adenia, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Morisi pamoja na washirika wake wa Ulaya walinunua asilimia 40 ya Naivas. Sina ugomvi na mtu anayeuza mali yake. Ninachotaka kujua ni kwa nini biashara hii ilichipuka hapa, na pia, mkazi wa Nakuru anapotoa shilingi elfu moja kwenye kaunta, ni kiasi gani cha fedha hizo kinaendelea kuzunguka katika kaunti na kiasi gani kinapanda gari jioni hiyo hiyo kwenda kwingine. Nitashukuru zaidi kwa majibu ya watu walioishika biashara hii kwa mikono yao.

Mhasibu_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkazi wa Bahati, swali la kwanza ndilo lenye jibu refu, na jibu la la pili limo ndani yake. Nimefanya kazi ya hesabu katika biashara za jumla za mji huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitaeleza kadiri nilivyoona.

Nakuru ulikuwa mji wa jumla kabla ya kuwa mji wa rejareja. Reli ilifika hapa karibu na mwaka 1900, na kwa muda mrefu mji ukawa makao ya shughuli za kilimo cha Bonde la Ufa: ngano ya Njoro, pareto na viazi vya Molo, maziwa kutoka pande zote, na ofisi kuu ya Chama cha Wakulima cha Kenya, yaani KFA. Barabara kuu inayotoka Nairobi inapita hapa kabla ya kugawanyika kuelekea Eldoret na Uganda kwa upande mmoja, Kericho na Kisumu kwa upande mwingine, na mjini kwenyewe zinatoka njia za kwenda Nyahururu na Baringo. Mwenye duka wa Eldama Ravine au Marigat hakuwa na haja ya kwenda kilomita 160 zaidi hadi Nairobi kujaza rafu zake. Alikuja Nakuru. Mtu aliyekulia katika mji wa namna hiyo alijua bei ya katoni kabla ya kujua bei ya kipande kimoja, na huo ndio msingi wa kila duka kubwa unalolijua. Tena eneo lilikuwa na watu wengi wanaolipwa mshahara, wakiwa wafanyakazi wa mashamba makubwa, wa reli na wa viwanda, ambao mwisho wa mwezi walikuwa na fedha taslimu mkononi. Watu husahau jambo hilo wanaposifu akili za waanzilishi, ambazo kwa hakika walikuwa nazo. Pasipo mshahara wa kila mwezi, hakuna anayenunua godoro.

Sasa nije kwenye mtambo wenyewe. Duka la kujihudumia huuza kwa fedha taslimu na hununua kwa mkopo. Sukari inaingia Jumatatu, inaisha kabla ya Jumatatu inayofuata, na aliyeileta analipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Tuseme, kwa mfano tu, duka linanunua bidhaa za shilingi milioni 8 kila wiki, linaziuza zote ndani ya wiki moja, na linazilipia baada ya wiki nane. Kila shehena inakaa wiki saba ikiwa fedha mikononi mwa duka, na ukizijumlisha shehena zinazopishana, wakati wowote utakaofungua vitabu utakuta takriban milioni 56 ambazo si mali ya duka lakini liko huru kuzitumia. Ukifungua tawi la pili, kiasi hicho kinaongezeka. Ukifungua la tatu, kinaongezeka tena. Hakuna benki inayokopesha kwa upole namna hiyo, bila riba na bila dhamana.

Mtambo huu hufanya kazi vizuri ajabu maadamu mauzo yanakua. Siku mauzo yanaposimama, ankara za miezi miwili iliyopita zinaendelea kufika wakati fedha zake zimekwisha kugeuzwa kuwa majokofu, taa na kodi ya pango ya tawi lililo mbali. Hivyo ndivyo ninavyoielewa Nakumatt. Mahakama iliiweka chini ya msimamizi Januari 2018, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe, baada ya matawi sita ya mwisho kuuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Weka tarakimu hizo mbili kando kando uone. Tuskys ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2020 na 2021, ikiwa na mzigo wa ziada wa ugomvi wa kifamilia uliokuwa umedumu miaka mingi. Supamaketi ya Uchumi, ambayo haikuwa ya Nakuru, ilikuwa imeanguka mara ya kwanza mwaka 2006, ikainuliwa, na ikalemewa tena.

Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu lisilopendeza. Benki huwa na dhamana, na mfanyakazi huwa na ulinzi kiasi fulani wa sheria anapodai mshahara. Msindikaji wa maziwa, mwenye kiwanda cha mikate, mfungashaji wa mchele na mwenye lori hawana dhamana yoyote ila nakala ya ankara iliyogongwa muhuri, na katika mgawanyo wa kilichosalia wao husimama mwisho wa mstari. Kwa hiyo duka kubwa linapokufa, shimo halibaki katika jengo lile tu. Linahamia kwa wazalishaji wa eneo zima, na kutoka kwao hadi kwa mkulima aliyepeleka maziwa kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu, ukiniuliza mimi, jambo la kwanza la kuulizwa kuhusu duka lolote linalotaka kuingia katika eneo ni siku ngapi litachukua kulipa, na idadi ya vijana watakaovaa sare zake ije baadaye.

Msindikaji_wa_Subukia alijibu:

Mzee Mhasibu ameeleza kwa upande wa vitabu. Mimi nitaeleza kwa upande wa jokofu. Ninasindika maziwa mala na yogati, na nimewahi kuuza katika maduka makubwa ya aina mbalimbali, pamoja na moja ambalo sitalitaja na ambalo bado lina deni langu.

Kuingia kwenye rafu ni kazi yenyewe. Unatakiwa uwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, vibali vya afya, msimbo wa mistari kwenye kila kopo, na uwezo wa kuleta kiasi kile kile kila wiki hata wakati wa kiangazi ambapo ng'ombe hawana majani. Ukishaingia unaanza kukutana na makato: punguzo la mwaka linalohesabiwa kwa asilimia ya mauzo yako, bidhaa za bure kila tawi jipya linapofunguliwa, mchango wako katika matangazo ya sikukuu, na marejesho ya makopo ambayo muda wake umekwisha kwa sababu aliyeyapanga aliyaficha nyuma ya makopo ya mwingine. Kuhusu kupanga, naomba nimsaidie Mkazi wa Bahati katika hesabu yake ya ajira. Vijana wengi mnaowaona wakipanga bidhaa kwenye rafu hawalipwi na duka. Wanalipwa na sisi wenye bidhaa, moja kwa moja au kupitia wakala. Mtu akija na orodha ya ajira mia mbili, muulizeni ni ngapi kati ya hizo mishahara yake inatoka katika akaunti ya duka.

Si malalamiko ya mdomo tu. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilishughulikia shauri la kampuni ya Orchards, ambayo nayo ni ya yogati, dhidi ya Majid Al Futtaim, wanaoendesha Carrefour hapa nchini, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani likakubaliana na mamlaka kwamba makato na masharti waliyowekewa yalikuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Desemba 2023 mamlaka ikawatoza tena faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 katika shauri lililohusu watoa bidhaa wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanataja wazi kwamba kuchelewesha malipo bila sababu na kumhamishia mtoa bidhaa gharama au hasara isiyo yake ni makosa. Sheria ipo, basi. Mwenye kiwanda kidogo huogopa kuitumia kwa sababu akishatangulia kushtaki, nafasi yake kwenye rafu itajazwa na mwingine kabla ya shauri kutajwa.

Pamoja na hayo, sitakubali kusema kwamba duka kubwa halikunipa kitu. Lilinifundisha kuweka kumbukumbu. Kabla yake nilikuwa nauza kwa mitungi na kuhesabu kwa kichwa. Baada yake nilikuwa na oda za maandishi za miezi kadhaa, na ni kwa oda hizo benki ilinikubalia mkopo wa mashine ya kufungasha. Wakulima ninaonunua kwao nao walilazimika kubadilika, kwa kuwa maziwa yaliyochanganywa maji hayawezi kutoa yogati ya aina moja kila siku. Ubora wa maziwa ya kijiji kizima ulipanda kwa sababu ya mnunuzi mmoja mkali, na faida hiyo haikuondoka hata nilipoacha kuuza kwake.

Jambo linalonikera zaidi ni safari. Yogati inatoka Subukia, inapelekwa kwenye ghala kuu Nairobi, halafu lori jingine linairudisha kuuzwa katika jiji la Nakuru, ambalo ningefika kwa pikapu asubuhi na kurudi kabla ya saa nne. Mafuta ya safari hiyo yamo ndani ya bei anayolipa mteja. Meneja wa tawi la hapa angependa kuninunulia moja kwa moja, lakini hana mamlaka ya kununua hata trei ya mayai. Kwa hiyo, wanaposema duka ni la eneo hili, mimi huuliza ni nani mwenye kalamu ya kutia sahihi oda, na anakaa wapi.

Duka_la_Kaptembwo alijibu:

Naomba na sisi wa maduka madogo tusikike, maana kila rejareja inapojadiliwa huzungumzwa supamaketi, ilhali katika mitaa yetu watu wengi hula kutoka dukani kwangu na kwa mama mboga aliye nje ya mlango wangu.

Wateja wangu wengi ni vibarua. Analipwa jioni, ananunua jioni: robo ya sukari, mafuta ya kupikia ya kupimiwa, unga nusu pakiti, majani ya chai ya shilingi kumi. Ndiyo tunaita kadogo. Mwanauchumi atasema kwamba mteja huyu anaumia kwa sababu kwa kilo analipa zaidi kuliko tajiri anayenunua mfuko mzima, na ni kweli. Hata hivyo tajiri huyo hapewi sukari leo alipe Jumamosi. Daftari langu la madeni ndilo benki ya mtaa, na hasara ya wasiolipa naibeba mimi peke yangu.

Kuhusu fedha kubaki katika eneo, mayai nayapata kwa mfugaji wa Bahati, kwa ndugu zako, maziwa yanakuja kwa bodaboda kila asubuhi, mandazi yanapikwa nyumba ya tatu kutoka hapa, na kodi ya chumba namlipa mwenye nyumba anayeishi nyuma ya duka. Wote hao nawalipa siku hiyo hiyo au mwisho wa wiki. Hakuna anayeningoja siku tisini. Lakini nisijisifu kupita kiasi: sabuni, dawa ya meno na betri zinatoka kule kule zinakotoka za supamaketi, na faida yangu juu ya bidhaa hizo ni ya senti. Msaidizi wangu ni mmoja, hana likizo wala akiba ya uzeeni, na mimi mwenyewe sijasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa kuwa mauzo yangu hayakaribii milioni 5 kwa mwaka. Mtu akisema maduka madogo hayaweki senti nyingi katika hazina ya serikali, sitabishana naye.

Mzee Mhasibu, umetaja wauza jumla. Hao ndio wanaonitia wasiwasi kuliko supamaketi. Supamaketi ikifunguliwa karibu napoteza mauzo ya mwisho wa mwezi, lakini ya katikati ya mwezi yanabaki kwangu. Muuza jumla wa mjini akifunga, mimi sina pa kununua kwa mkopo, na mteja wangu naye hana pa kukopa. Katika miaka hii nimeona wengine wakigeuza stoo zao kuwa vibanda vya kupangisha.

Jirani_wa_Arusha alijibu:

Naingilia kutoka upande wa pili wa mpaka kwa sababu mkasa huu ulitufikia. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini ilipoamua kuondoka Tanzania, maduka yake ya Dar es Salaam na Arusha yalichukuliwa na Nakumatt. Uchumi nayo ilikuwa imejitanua hadi Tanzania na Uganda, na mwaka 2015 ikayafunga matawi yote ya nchi hizo mbili. Kwetu, basi, ndani ya miaka michache majina matatu ya kigeni yalikuja na kupotea.

Kwa mtazamo wangu, mji wetu haukutetereka kwa kiwango ambacho watu walikitabiri, kwa sababu soko la mazao, maduka ya jumla na machinga walikuwa bado wameshika sehemu kubwa ya manunuzi ya kila siku. Walioumia ni watoa bidhaa waliokuwa wamewekeza mahususi kwa ajili ya rafu zile, na wafanyakazi. Nadhani hilo linamuunga mkono Msindikaji: hatari ya duka kubwa haipimwi kwa ukubwa wake, inapimwa kwa jinsi wazalishaji wa eneo walivyomtegemea mnunuzi mmoja. Waliokuwa wakiuza nusu hotelini na nusu sokoni walisimama tena mapema.

Mfuatiliaji_wa_Kaunti alijibu:

Nitagusa kodi peke yake, kwa kuwa katika vikao vya umma nimesikia watu wakidhani kwamba duka likiuza sana, kaunti inapata sana. Haiendi hivyo. VAT ya asilimia 16 na kodi ya mapato ya kampuni hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, kwa niaba ya serikali ya kitaifa. Kaunti hutoza ada ya kibali cha biashara, ada za mabango ya matangazo, maegesho ya magari na kodi ya ardhi. Mgao unaorudi kutoka hazina kuu hufuata fomula inayoangalia mambo kama idadi ya watu na umaskini, na si kiasi cha sukari kilichouzwa katika kaunti hiyo. Duka likiongeza mauzo maradufu katika jengo lile lile, kaunti inaweza isione tofauti yoyote katika makusanyo yake.

Takwimu za pato la kaunti zinazotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huiweka Nakuru miongoni mwa kaunti chache za juu, pamoja na Nairobi, Kiambu na Mombasa, na biashara ya jumla na rejareja huhesabiwa humo. Lakini takwimu hizo zinaeleza kazi iliyofanyika mahali fulani. Hazielezi faida imekwenda wapi.

Nitatoa mfano mmoja ambao watu wa Nakuru wataukumbuka. Kiwanda cha betri cha Eveready kilikuwa hapa hapa tangu miaka ya 1960, na betri zake ziliuzwa katika kila duka la eneo hili. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na kampuni ikaamua kuleta betri kutoka Misri. Ukiingia dukani wiki iliyofuata, kibandiko kilikuwa kile kile na bei haikuwa mbali na ile ya zamani. Kwa mwenye duka hakuna kilichobadilika, na kwa mnunuzi pia. Kwa mji, mishahara ya kiwanda kizima ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo hata tukifanikiwa kulinda maduka yetu yote, makubwa kwa madogo, rafu iliyojaa bado haitatuambia lolote kuhusu uchumi wa eneo mpaka tusome nyuma ya pakiti bidhaa imetengenezwa wapi.

Mkazi_wa_Bahati aliandika tena:

Nawashukuru wote, na dada wa Kaptembwo nakushukuru kwa namna ya pekee kwa habari ya wauza jumla, ambayo haikuwamo kabisa katika maandishi yangu. Naomba jambo moja la mwisho. Kikao kitanipa dakika chache tu. Nikitakiwa kupendekeza mambo ambayo kaunti yenyewe ina uwezo nayo, bila kuomba Bunge libadilishe sheria, niseme nini?

Mhasibu_Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, masharti ya malipo kati ya duka na mtoa bidhaa yako chini ya Mamlaka ya Ushindani, kwa hiyo usipoteze dakika zako hapo, ingawa hakuna kinachoizuia kaunti kuwasaidia wasindikaji kuandika malalamiko kwa pamoja ili asijulikane aliyetangulia. Ningeanza na stoo. Kaunti hutoa idhini za ujenzi na hupanga matumizi ya ardhi, na stoo za jumla zilizo karibu na stendi za magari ya Baringo, Nyahururu na Molo zinaweza kuwekewa mpango wa matumizi ya ardhi unaozilinda zisigeuzwe zote kuwa vibanda. Halafu ningeomba chumba baridi cha pamoja mjini, ambacho wasindikaji wadogo watakodi kwa siku, ili mtu wa Subukia aweze kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa iko tayari Nakuru na haina haja ya kwenda Nairobi kwanza. Kalamu haitahama kwa ajili hiyo pekee, lakini mnunuzi wa Nairobi huangalia gharama, na gharama ya lori la kwenda na kurudi ni hoja anayoielewa.

La mwisho ulitaje kwa upole, kwa sababu waheshimiwa watakuwa wamekaa mbele yako. Serikali za kaunti zenyewe ni wanunuzi wakubwa, na malimbikizo ya madeni yao kwa wafanyabiashara yamekuwa yakitajwa kila mwaka katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Waliopeleka vyakula hospitalini na karatasi ofisini ni watu wale wale wanaopeleka bidhaa madukani. Omba kaunti itangaze hadharani, kila robo ya mwaka, inadaiwa na nani na kwa siku ngapi.

Msindikaji_wa_Subukia alijibu:

Katika chumba baridi, ongeza kwamba kiwe na jenereta. Na ada itozwe kwa trei, si kwa chumba kizima, la sivyo kitachukuliwa na mtu mmoja mwenye maua ya Naivasha na sisi tutabaki nje na makopo yetu.